Walidhani ni Miraa

Niliuona uvimbe wangu mara ya kwanza nikimnyoa mtu mwingine. Mimi ni kinyozi hapa sokoni Mikinduri, na kioo cha kibanda changu ni kikubwa kiasi kwamba mteja akiketi tunaonekana sote wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimeinama nimalizie nyuma ya sikio lake, nikaona shavu langu la kushoto limenenepa kidogo, pale chini ya sikio. Nikapapasa. Kulikuwa na kitu kigumu kama harage chini ya ngozi, hakiumi wala hakisogei. Nikamaliza kunyoa, mteja akaenda zake, na mimi nikalilaumu jino langu la nyuma ambalo lilikuwa limeoza.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amepapasa chini ya sikio lake akakuta kitu. Najua unachojiambia. Unajiambia ni jino, ni baridi, ni mto umeulalia vibaya. Mimi nilijiambia hivyo kuanzia mvua za Oktoba mpaka mahindi ya mvua hizo yakavunwa, na wakati huo wote harage lilikuwa linakua. Lilifika ukubwa wa limau na bado mimi nilikuwa nangoja jino litulie.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza, je, watu hawakuona? Waliona sana. Lakini Mikinduri ni mji wa miraa, ambayo wengine huiita mirungi. Mtu anayetafuna huweka tonge lake upande mmoja wa shavu na anaweza kushinda nalo hivyo mchana kutwa, anauza, anapiga simu, anabishana habari za siasa. Kwa hivyo hapa kwetu shavu lililojaa halimshtui mtu. Huko kwingine wangekuuliza, "Pole, umeumwa na nini?" Hapa wanakuuliza umetoa wapi, na kama imebaki uwagawie.

"Kinyozi, leo umepata ya maana," wateja walinitania. "Mbona hata hauongei?"

Nilicheka nao. Lakini ndani yangu sikuwa nacheka, kwa sababu mimi niliacha miraa. Niliitafuna ujanani, nikaacha nilipookoka, kabla ya Makena, binti yetu wa kwanza, kuzaliwa. Mke wangu Kanana ni mtu wa Kanyakine, na alikubali kuolewa na mimi kwa sharti hilo moja. Aliniambia nikirudia hiyo kitu atarudi kwao, na Kanana hasemi jambo kwa kujifurahisha.

Alianza kunichunguza bila kusema. Nikiingia nyumbani anakuja karibu kuliko kawaida, anavuta pumzi. Nguo zangu akizifua anageuza mifuko yote nje, anatafuta maganda ya njugu, kwa maana watafunaji wengi hapa hupenda kutafuna na njugu. Kwa bahati mbaya mimi napenda njugu tu, hata bila miraa. Siku moja alinionyesha maganda mawili matatu kiganjani.

"Na hii?"

"Ni njugu, Mama Makena."

"Najua ni njugu. Na hiyo nyingine iko kwa shavu?"

"Ni jino."

"Jino gani hilo halitaki kwenda kwa daktari?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeanza kuamka asubuhi mkono ukiwa tayari uko pale, unapima kama kimekua. Nikafuga ndevu kukificha, kinyozi mzima mwenye ndevu kama za mchungaji wa mbuzi, na hilo nalo likawa ushahidi mwingine dhidi yangu.

Kisha kanisa likasikia. Jumapili moja baada ya ibada mzee wa kanisa, Mzee Mutuma, aliniita kwenye chumba cha nyuma ambako huwekwa viti na ngoma za kwaya. Walikuwemo wazee wengine wawili, wote wamekunja mikono. Mzee Mutuma ni mtu mpole na alianza kwa upole.

"Ndugu Kirimi, sisi ni watu wa kusameheana. Sema tu."

"Niseme nini, mzee?"

"Hiyo kitu uko nayo kwa mdomo. Hata kwa nyumba ya Bwana, kweli?"

Nikafungua mdomo. Ndiyo, mtu mzima mwenye familia nilisimama katikati ya ngoma nikapanua mdomo kama mtoto kwa daktari wa meno, nikainua ulimi, nikavuta shavu kwa kidole. Walichungulia mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na kitu. Walitazamana, kisha mmoja wao akasema taratibu, "Ameshameza."

Leo nikisimulia hili watu huanguka kwa kicheko, na mimi hucheka. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ya vichochoroni nisikutane na mtu. Nilikuta Kanana ameshapata habari, maana habari za kanisani hukimbia kuliko aliyetoka kanisani. Begi lilikuwa juu ya kitanda. Alikuwa anakunja nguo za watoto.

Nikamshika mkono. Hakutaka, lakini niliuvuta nikauweka chini ya sikio langu, ndani ya ndevu.

"Shika," nilimwambia. "Bonyeza."

Alibonyeza. Nikauona uso wake ukibadilika. Alibonyeza tena kwa vidole viwili, akazunguka huku na huku akitafuta mwisho wake.

"Hii si miraa," alisema.

"Si ndiyo nimekuwa nikisema."

"Hujasema. Umesema jino." Alikaa kitandani juu ya nguo alizokuwa amekunja. "Tangu lini, Baba Makena?"

Nilipomwambia tangu mvua za Oktoba alifunga macho. Asubuhi iliyofuata tulikuwa Meru mjini, kwenye benchi la hospitali.

Benchi hilo nitalikumbuka. Watu hukaa wamegeuza uso upande ulio mzima. Mwenye kitu shingoni amejifunga leso, mwenye kitu jichoni amevaa miwani ya jua, na kila mmoja anatazama mlango kana kwamba yeye amemsindikiza tu mwenzake. Waliingiza sindano kwenye uvimbe, wakavuta kitu kidogo, wakanieleza kwamba pale chini ya sikio kuna tezi ya kutengeneza mate. Sikuwa najua mate yana kiwanda. Nilidhani huwa yapo tu.

Tulirudi kuchukua majibu mvua za Aprili zikiwa zimeanza. Majibu yalikuwa hayaeleweki vizuri. Inaweza kuwa uvimbe wa kawaida, inaweza kuwa ile nyingine. Hata daktari hakutaka kuitaja, alisema "ile nyingine" kama tunavyofanya sisi nyumbani. Akatuandikia twende Embu, kwa daktari bingwa wa upasuaji wa uso na shingo.

Kuna kitu kibaya kuliko kuambiwa una ugonjwa, nacho ni kuambiwa labda. Labda hailali. Nilikuwa nanyoa watu huku nalitazama shavu langu kiooni, mpaka mteja mmoja akaniomba kwa heshima aje siku nyingine. Nilimtazama Makena akifanya hesabu zake za darasa la saba nikawa najiuliza atafika kidato cha ngapi mimi nikiwa hai. Mdogo wake, Mwenda, alitaka kugusa uvimbe kila jioni, anasema "ngoja niskie kama umelala." Kanana alimfukuza. Mimi nilimwacha aguse, kwa sababu alikuwa mtu pekee nyumbani asiyeuogopa.

Daktari wa Embu alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko nilivyotaka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia nitabasamu, nikunje paji la uso, nifumbe macho kwa nguvu, nipulize mashavu.

"Mshipa unaotembeza uso unapita katikati ya hii tezi," alisema. "Nitajaribu sana kuulinda. Lakini nikikuta uvimbe umeukumbatia, itabidi nichague."

"Kuchagua kati ya nini na nini?" Kanana aliuliza.

"Kati ya uso wake na maisha yake."

Hakusema kwa ukali. Lakini tulipotoka nje tulisimama ukutani kwa muda mrefu bila kujua tunaelekea wapi, mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepotea.

Upasuaji ulifanyika Julai, katika ile baridi ya ukungu inayofanya hata Embu ifanane na mlimani. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofanya ni kujaribu kutabasamu. Upande wa kulia uliitika. Upande wa kushoto ulikaa kimya. Kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji, mpira mwembamba ulitoka shingoni ukimwaga damu kwenye chupa, na sikio langu nikiligusa lilikuwa kama sikio la mtu mwingine, mpaka leo ncha yake ya chini haina hisia. Daktari alikuja akasema mshipa haujakatwa, umechoka tu kwa kuvutwa, unaweza kurudi. Nilimuuliza lini. Alisema miezi. Nilimuuliza kama ni lazima urudi. Alinigusa bega akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jicho la kushoto halikufumba. Lilitoa machozi peke yake, bila huzuni, siku nzima, na jioni Kanana alilifunga kwa plasta nipate kulala. Kula ndiko kulikokuwa aibu. Kanana alininywesha uji kwa kijiko, na uji uliingia upande wa kulia ukatokea upande wa kushoto, ukateremka kwenye kidevu. Siku ya kwanza alinifuta. Siku ya pili alinifuta, kisha mkono wake ukasimama hewani na kijiko kikiwa kimejaa. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Akaweka kikombe chini, akatoka. Nilimsikia akilia huko kwenye korido.

Nilielewa vibaya. Nilidhani nimemchukiza. Nilijitazama kwenye dirisha, jicho moja linachuruzika, mdomo umeanguka, nikasema moyoni, sasa ndiyo ataenda kwao kweli, na sitamlaumu. Hakunieleza na mimi sikumuuliza. Tuliishi hivyo wiki nyingi, yeye ananihudumia bila kunitazama usoni, mimi nageuza uso. Ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko kisu.

Majibu ya maabara yalipotoka ilikuwa ni ile nyingine. Saratani ya tezi ya mate. Daktari alisema si ile yenye haraka, na kwamba ameitoa yote anayoiona, lakini ninahitaji mionzi kwa ile asiyoiona. Kwa hivyo mwisho wa mwaka, wakati wakulima wa Githongo kule Meru wanachuma kahawa, mimi nilikuwa Nairobi kwa binamu yangu, kila asubuhi nalazwa kwenye kitanda kigumu, nafunikwa barakoa ya plastiki iliyochukua umbo la uso wangu na kubanwa kwenye kitanda nisitikisike. Ukiwa ndani yake huwezi kumeza vizuri. Nilikuwa naomba, na nikichoka kuomba nilinyoa wateja kichwani mwangu, mmoja mmoja, kuanzia mtu wa kwanza wa Jumamosi. Mdomo ulikauka. Chakula chote kilikuwa na ladha ya karatasi. Ngozi ikawa nyeusi, na ndevu za upande wa kushoto zikaanguka, wala hazijaota tena. Sasa mimi ni kinyozi ambaye hujinyoa nusu, na wateja hunishauri nijitoze nusu bei.

Lakini kulikuwa na huruma ndogondogo, na nazo lazima niziseme. Mzee Mutuma alikuja nyumbani na mtungi wa maziwa, akakaa kwenye kiti akiwa ameshika kofia. Hakuweza kuniangalia. Alisema tu, "Sisi tulichungulia kwa ndani, Kirimi. Hatukushika kwa nje." Nilimwambia hata mimi nilichelewa kushika.

Na kulikuwa na siku ya jicho. Nilikuwa nimerudi kazini. Nywele za mteja ziliruka kutoka kwenye mashine zikanijia usoni, na jicho langu la kushoto likafumba. Lenyewe. Nilizima mashine. Mteja alikuwa na kichwa nusu, akauliza kama stima zimepotea. Nilimwambia angoje, nikasimama mbele ya kioo nikawa nafumba na kufumbua, nafumba na kufumbua, na mteja akinitazama kwa hofu. Halikufumba vizuri, na hata leo tabasamu langu linaenda upande mmoja kwanza kabla ya mwingine kufuata. Lakini lilifumba.

Katika kliniki iliyofuata kule Embu, daktari alituomba tuonane na mwenzake mmoja. Alikuwa kijana mwenye suti kubwa kuliko yeye, na kazi yake, alieleza, ni kuhesabu. Wanataka kujua katika Kenya nzima ni nani anayepata uvimbe wa tezi za mate, anaishi wapi, ana umri gani, amefanya kazi gani, amekula nini. Alisema huu ugonjwa ni wa nadra na habari zake zimetawanyika huku na huku, na bila kuzikusanya hawawezi kujua chanzo wala mahali pa kupeleka madaktari.

"Uliwahi kutumia miraa?" aliuliza.

"Hata wewe?" nilimwambia.

Alicheka. "Nauliza kila mtu, mzee. Hata wa Lamu namuuliza."

"Na ndiyo imeleta?"

"Hatujui. Siwezi kukudanganya. Kuna wenye huu uvimbe hawajawahi kuiona miraa, na kuna wanaokula miaka yote na hawana kitu. Ndiyo maana tunahesabu."

"Na tuko wangapi?"

"Hao ninaowajua ni wale walifika hospitali wakapimwa. Yule hakufika, kwangu mimi ni kama hakuugua."

Halafu akauliza kama kuna mtu wa familia yangu aliyewahi kuwa na uvimbe kama wangu. Nilimjibu hakuna.

"Yuko," Kanana alisema.

Niligeuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Baba Makena, ni baba yako."

Nilimwambia baba yangu alikufa kwa uzee. Alikuwa mtafunaji wa miraa tangu ujana, kila mtu Mikinduri alimjua kwa shavu lake. Mwaka wake wa mwisho aliishi kwetu na Kanana ndiye aliyemtunza.

"Hakuwa na meno," Kanana alisema. "Hata moja. Alikuwa anatafunia nini? Mimi ndiye nilimwosha mdomo kila siku, na ndani hakukuwa na kitu. Nilifikiri shavu limelegea tu, ni miaka mingi. Jicho likawa linatoa machozi, nikafikiri ni uzee. Uji ukawa unatoka hapa," akagusa pembe ya mdomo wake. "Ile siku ya pili hospitali, nikikulisha, uji ukatoka hivyohivyo. Ndipo nikamwona. Nilikuwa nakulisha na namwona yeye. Nikaogopa kukuambia, kwa sababu najua vile yeye alimaliza."

Kijana wa kuhesabu alikuwa ameacha kuandika. Nilikumbuka mazishi. Watu walipita mbele ya jeneza kumuaga, na shavu lake lilikuwa limejaa vilevile, na jamaa mmoja akasema kwa mapenzi kabisa kwamba mzee hakutaka kusafiri bila miraa yake, na boma zima likacheka huku linalia.

"Mwandike," Kanana alimwambia yule kijana.

"Mama, pole sana. Bila kipimo siwezi kumweka kwa hesabu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na huu uvimbe mara nyingi haurithiwi, msiwaogopee watoto. Lakini huyo mzee siwezi kumweka."

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani.

Mimi bado naogopa. Kila kliniki inapokaribia naanza kupapasa tena, na Kanana hunipiga mkono. Mpaka sasa vipimo ni safi. Waliponiita kanisani kutoa ushuhuda wa uponyaji nilikubali, lakini niliposimama mbele sikuzungumza juu yangu. Nilisema baba yangu hakufa na miraa mdomoni. Nilisema alikuwa na uvimbe kama huu wangu, hakuumwa nao mwanzoni, ulikaa hapa chini ya sikio, na sisi sote tulimpenda na hakuna hata mmoja aliyemshika hapa akabonyeza. Nikaonyesha mahali kwa kidole.

Kisha nikaona mikono inapanda, mmoja hapa, mwingine kule, Mzee Mutuma kwenye kiti chake cha mbele, akina mama wa kwaya, vijana, kila mtu anapapasa chini ya sikio lake, anahamia upande wa pili, anashusha mkono. Waliendelea kushusha mpaka ukabaki mkono mmoja. Ulikuwa wa mama mmoja benchi la nyuma, na vidole vyake vilikuwa vinazunguka mahali palepale.

Nilisema amina, nikashuka, nikaenda kuketi karibu naye.